AFYA YETU: Kijidudu cha Malale Kinachojua Kujihesabu

Leo tutasoma habari za kijidudu kidogo sana. Kijidudu hiki ndicho kinacholeta ugonjwa wa malale. Sisi tunaokaa karibu na pori la miombo tunamfahamu mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Tunajua kwamba anauma mchana, na kwamba shati jepesi halimzuii. Lakini kile anachokibeba ndani ya mate yake wengi wetu hatujakiona. Mimi nimekiona kwa darubini. Nilikiona kwa kuchelewa, na kuchelewa kwangu kulimwumiza mtu. Nitaeleza habari hiyo kwanza, halafu tutaingia katika somo.

MZEE MRINA ASALI

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa na umri wa miaka 23, nimetoka chuoni na cheti changu cha mganga msaidizi. Zahanati yetu ina darubini ya zamani yenye kioo cha kuvuta mwanga wa jua. Siku ya mawingu haionyeshi vizuri.

Mzee mmoja alikuja. Kazi yake ni kurina asali. Alikuwa amekaa porini majuma matatu, akishusha mizinga ya magome. Alisema ana homa, kichwa kinamgonga, na viungo vinamwuma. Nilimpima malaria kwa kipimo cha haraka. Hakuwa na malaria. Nikachukua tone la damu, nikalitazama kwa darubini. Sikuona kitu. Nikampa dawa ya kutuliza maumivu, nikamwambia, "Mzee, damu yako ni safi. Nenda ukapumzike."

Baada ya siku 6 alirudi. Homa ilikuwa imeshuka, kisha ikapanda tena. Nikatazama damu mara ya pili. Safi. Safari hii nilimpa dawa ya mseto ya malaria, ingawa kipimo kilikuwa kimesema hana malaria. Hilo lilikuwa kosa. Nilitaka tu asitoke mikono mitupu.

Mara ya tatu aliletwa na mkewe kwa baiskeli. Mama yule hakuwa na salamu ndefu. Alisema, "Mwanangu daktari, mtazame huyu vizuri. Usiku hafumbi macho, anazunguka uani. Mchana anasinzia na tonge mkononi." Nikamjibu, "Mama, tumekwisha mpima mara mbili." Akasema, "Basi mpime mara ya tatu. Mimi siondoki hapa."

Nikampima. Jua lilikuwa kali na kioo kilishika mwanga vizuri. Katikati ya chembe nyekundu za damu nikaona kitu kinachocheza kama kambale mdogo ndani ya tope, kinazisukuma chembe huku na huku. Nikaona kingine pembeni. Mikono ilinitetemeka. Chuoni nilikuwa nimekiona kwenye picha tu.

Siku ileile mzee alipelekwa hospitali kwa lori la mbao. Huko walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakakuta vijidudu vimekwisha ingia humo. Maana yake ni kwamba vilikuwa vimefika kwenye ubongo. Alitibiwa kwa sindano kali sana, na yu hai mpaka leo. Lakini mikono yake inatetemeka na hapandi tena mti. Mwanawe ndiye anayepanda, naye anakaa chini akimwelekeza.

Tangu siku ile nimejiuliza swali moja. Ni damu ya mtu yuleyule, na ugonjwa ni uleule. Kwa nini mara mbili ilionekana safi, na mara ya tatu vijidudu vikaonekana? Sehemu ya jibu ni uzembe wangu, kwa maana nilitazama tone dogo kwa muda mfupi, na siku moja kulikuwa na mawingu. Lakini sehemu nyingine ya jibu iko kwa kijidudu chenyewe. Hiyo ndiyo tutakayoisoma.

KIUMBE CHA CHEMBE MOJA

Wataalamu wanakiita kijidudu hiki tripanosoma. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe nyingi mno zilizo hai. Nyingine ni za ngozi, nyingine za mifupa, nyingine za damu. Tripanosoma hakiko hivyo. Chenyewe ni chembe moja tu. Kwa chembe hiyo moja kinakula, kinaogelea na kinazaliana. Tazama rula ya mtoto wa shule. Ile nafasi ndogo kabisa kati ya mstari na mstari ni milimita 1. Ukiweza kuvipanga vijidudu hivi mkia kwa kichwa, vitaenea karibu 40 katika nafasi hiyo.

Daktari mmoja Mwingereza, David Bruce, alivikuta vijidudu vya namna hii mwaka 1895 katika damu ya ng'ombe wagonjwa huko Zululand, Afrika ya Kusini. Ng'ombe wale walikuwa na ugonjwa wa nagana, ambao wafugaji wetu wanaufahamu. Damu ya binadamu ina kinga inayoviua vijidudu vya nagana vya kawaida. Lakini vipo jamaa zao wawili wanaoishinda kinga hiyo. Mmoja yuko Afrika ya Magharibi na ya Kati, na ugonjwa wake huenda polepole, pengine kwa miaka. Mwingine yuko huku kwetu mashariki na kusini. Huyu wa kwetu ana haraka. Asipotibiwa, mgonjwa anaweza kufa katika majuma au miezi michache. Uganda ndiyo nchi yenye jamaa wote wawili.

KINAVYOGAWANYIKA

Tripanosoma hakina dume wala jike ndani ya damu yetu. Kinazaliana kwa kugawanyika. Kwanza kinaota mkia wa pili kando ya ule wa kwanza. Halafu kiini chake kinakuwa viwili. Mwisho mwili unapasuka kwa urefu, kama kuni inavyopasuliwa kwa shoka. Kilichokuwa kimoja sasa ni viwili, na kila kimoja ni kizima.

Katika maabara imepimwa kwamba kazi hii huchukua kama saa 6. Sasa chukua kalamu na karatasi tufanye hesabu. Tuanze na kijidudu 1. Baada ya saa 6 ni 2. Baada ya saa 12 ni 4. Baada ya saa 18 ni 8. Siku moja ikiisha ni 16. Siku ya pili ikiisha ni 256. Siku ya tatu ikiisha ni 4,096. Siku ya tano ikiisha vimepita milioni 1. Kama hakuna kinachovizuia, siku ya kumi ikiisha vitakuwa vimepita milioni moja mara milioni moja.

Mgonjwa angekufa mapema mno. Na hapo kijidudu kingekuwa kimejiharibia, kwa sababu mbung'o hanyonyi damu ya maiti. Kijidudu kinahitaji mtu au mnyama aendelee kutembea porini, mpaka mbung'o mwingine aje amume.

Fikiri kazi ya yule mzee. Mrina asali mjinga hukwangua masega yote, na nyuki huhama. Mrina asali mwenye akili huacha masega kadhaa ili mzinga uwe na nyuki hata mwakani. Tripanosoma hakina akili, hakina ubongo. Lakini kina maagizo ndani yake ambayo yanakifanya kitende kama mrina asali mwenye akili.

JENI NI NINI

Ndani ya kila chembe iliyo hai kuna maagizo. Agizo moja huitwa jeni. Jeni ndizo zinazofanya punje ya mahindi iote mhindi na si mtama. Jeni ndizo zinazofanya mtoto afanane na mjomba wake. Tripanosoma kina jeni karibu 9,000. Wanasayansi wa nchi mbalimbali walimaliza kuzisoma na kuzitangaza mwaka 2005.

Agizo peke yake halifanyi kazi. Tuseme chembe ni kama ofisi ya kijiji. Kabatini kuna faili la maagizo, na faili halitoki nje. Karani hunakili agizo kwenye karatasi, na karatasi hiyo hupelekwa kwa mafundi. Mafundi wakiisoma, wanatengeneza kitu kilichoagizwa. Vitu hivyo huitwa protini. Mkia umejengwa kwa protini. Ngozi ya kijidudu pia imefunikwa kwa protini.

Katika chembe zetu sisi, karani huchagua agizo la kunakili. Katika tripanosoma karani hachagui sana. Ananakili maagizo kwa mlolongo mrefu, mengi kwa pamoja, ya leo na yasiyo ya leo. Uchaguzi unafanyika baadaye. Wako wasimamizi wanaozishika zile karatasi. Karatasi hii wanaihifadhi ili isomwe mara nyingi, ile wanaichana kabla haijawafikia mafundi. Kwa njia hiyo kijidudu kinaweza kubadilika upesi. Leo kina mwili wa namna hii, kesho kina mwili wa namna nyingine, na faili la kabatini ni lilelile.

VYEMBAMBA NA VINENE

Mwaka 1912 mtafiti mmoja mwanamke, Muriel Robertson, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika habari za jambo alilolitazama kwa makini. Katika damu, tripanosoma hawafanani wote. Wako vyembamba virefu na wako vifupi vinene. Aliona kwamba vyembamba ndivyo vinavyogawanyika. Vinene havigawanyiki. Tena aliona kwamba vinene ndivyo vinavyoendelea kuishi ndani ya mbung'o. Alifanya kazi hiyo kwa darubini na uvumilivu. Mimi ninapotazama damu kwa dakika mbili na kuchoka, humkumbuka.

Leo tunajua kwamba kijidudu chembamba na kijidudu kinene ni kitu kimoja. Chembamba kinapopata ishara, wasimamizi wake wanaanza kuchana karatasi za kugawanyika. Wanahifadhi karatasi nyingine, zile za kujiandaa na safari. Kijidudu kinasimama kabla hakijanakili faili lake, kinafupika, kinanenepa na kungoja. Hakiwezi kurudi kuwa chembamba humo damuni. Mbung'o asipokuja, baada ya siku chache kinakufa.

Je, kinapataje ishara? Kinajuaje kwamba wenzake wamekuwa wengi? Hapa ndipo somo linaponifurahisha.

Ukipita kijiji cha watu jioni, huwezi kuingia kila nyumba kuhesabu watu. Lakini ukiona lundo kubwa la pumba karibu na vinu, unajua kwamba watu ni wengi. Ukiona pumba kidogo, unajua ni wachache. Tripanosoma hufanya vivyo hivyo. Kila kimoja kinatoa kimeng'enya ndani ya damu yetu. Kimeng'enya ni kama mchi. Kinatwanga protini za damu kuwa vipande vidogovidogo. Vijidudu vikiwa vichache, vipande ni vichache. Vijidudu vikiwa vingi, damu inajaa vipande. Vipande hivyo vinaingia ndani ya kila kijidudu kupitia mlango maalumu wa ngozi yake. Kadiri vinavyoingia vingi, ndivyo agizo la kusimama linavyopata nguvu.

Watafiti wa Edinburgh, Uingereza, waliieleza habari ya mlango huo mwaka 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2014, walikuwa wamezizima jeni za kijidudu, nyingine hapa, nyingine pale, na kuangalia. Walipozima jeni fulani, kijidudu kikawa kama kiziwi. Pumba zilijaa, lakini chenyewe kiliendelea kugawanyika. Kwa njia hiyo walizitambua jeni zinazobeba ishara. Mojawapo ni ya wale wasimamizi wa karatasi. Msimamizi huyo akiongezwa nguvu, vijidudu husimama hata kabla ya wakati.

Nisiwaeleze nusu. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani walionyesha katika maabara kwamba hata vyembamba vinaweza kuishi ndani ya mbung'o. Kwa hiyo mabishano bado yapo juu ya kazi yote ya vinene. Lakini kwamba kijidudu kinajihesabu na kusimama, hilo halibishaniwi.

KUBADILI NGUO

Kusimama ni sababu moja ya vijidudu kupungua katika damu. Iko ya pili. Mwili wetu haukai bure. Askari wa mwili huzitazama nguo za kijidudu, wakazitambua, kisha wakakiua kila chenye nguo hizo. Homa hushuka. Mgonjwa huomba uji, nasi tunasema amepona.

Lakini tripanosoma kimefunikwa na vazi la protini karibu milioni 10 za aina moja, zimebanana kama nyasi za paa jipya. Na ndani ya faili lake kina jeni za mavazi zaidi ya 2,000. Nyingi kati yake zimeharibika, lakini hata mavazi yaliyochanika huweza kuungwa kiraka kwa kiraka, likapatikana vazi jipya. Kwa wakati mmoja kinavaa vazi moja tu. Vachache kati yao hubadili vazi kabla askari hawajavifikia. Askari wanatafuta shati jekundu, kumbe wahalifu wamekwisha vaa la kijani. Hao wachache wanaanza kugawanyika upya. Saa 6, saa 12, saa 18. Homa inapanda tena.

Zaidi ya hayo, watafiti walionyesha mwaka 2016, kwa kutumia panya, kwamba vijidudu vinakaa pia ndani ya ngozi na katika mafuta ya mwili. Tone la damu kutoka kidoleni halionyeshi vile vilivyo huko.

Sasa mrudie mzee wetu. Siku ya kwanza na ya pili huenda alikuja wakati vijidudu vimeshuka. Siku ya tatu alikuja wakati vimepanda. Damu yake haikuwa safi hata mara moja. Maneno "damu yako ni safi" nilipaswa kuyasema hivi: "Leo sijaona kitu. Rudi keshokutwa."

NDANI YA MBUNG'O

Mbung'o dume na mbung'o jike wote wananyonya damu. Mmoja akimnyonya mgonjwa, au pongo, au ng'ombe mwenye vijidudu, anavimeza. Katika tumbo lake vijidudu vinene vinatambua kwamba safari imefika. Vina protini maalumu za kutambua hilo, nazo zilielezwa mwaka 2009. Hapo karatasi za kugawanyika zinasomwa tena. Vazi la damuni linavuliwa, linavaliwa vazi la tumboni mwa mbung'o. Vinagawanyika kwa wingi.

Baadaye vinasafiri mpaka kwenye tezi za mate. Huko mambo yanakuwa kama mwanzo. Vya mwisho vinasimama kugawanyika mara nyingine, na vinavaa upya vazi la damuni, vikingoja mbung'o aume. Tangu amnyonye mgonjwa hadi kuweza kuambukiza hupita kama majuma matatu. Baada ya hapo mbung'o huyo anaambukiza mpaka afe.

Umeona, ndugu msomaji? Kijidudu hiki kikiwa nyumbani, katika damu au katika tumbo la mbung'o, kinagawanyika. Kikiwa kituoni kinangoja usafiri, kinasimama. Mara mbili katika mzunguko wake kinafanya hivyo.

Wako wanasayansi wanaofikiri kwamba siku moja itapatikana dawa ya kuvidanganya vijidudu, vyote visimame kwa pamoja, kisha mwili uviue. Ni wazo zuri. Mimi nina wasiwasi kidogo, kwa sababu vilivyosimama ndivyo vilivyo tayari kupanda mbung'o. Labda mgonjwa angelala ndani ya chandarua mchana na usiku mpaka viishe. Lakini hiyo ni fikra yangu tu, na dawa hiyo bado haipo.

DALILI NA DAWA

Kwa malale ya kwetu, siku chache baada ya kuumwa panaweza kutokea uvimbe mwekundu wenye maumivu mahali mbung'o alipouma. Si kila mtu huupata. Halafu huja homa za kupanda na kushuka, kichwa kuuma, viungo kuuma na mwili kuwasha. Tezi zinaweza kuvimba. Vijidudu vikifika kwenye ubongo, usingizi unageuka, mgonjwa anakesha usiku na kusinzia mchana. Anaweza kubadilika tabia, akawa mkali au akaongea ovyo. Watu husema amerogwa. Wengine humfunga kamba. Mtu wa namna hiyo aliyetoka porini asifungwe kamba, apelekwe akapimwe.

Dawa ya mseto ya malaria haiponyi malale. Nimeitoa mwenyewe na nimeona.

Zamani, na hata kwa yule mzee, malale iliyofika kwenye ubongo ilitibiwa kwa sindano yenye sumu ya aseniki. Iliunguza mshipa wa damu kama pilipili. Karibu mgonjwa 1 kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe, lakini bila dawa wote wangekufa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Sasa mtu mwenye umri wa miaka 6 au zaidi, na uzito wa kilo 20 au zaidi, anaweza kutibiwa malale ya kwetu kwa vidonge viitwavyo feksinidazoli. Hunywewa kwa siku 10, pamoja na chakula, chini ya uangalizi wa hospitali. Majaribio ya vidonge hivyo kwa malale ya mashariki yalifanyika Malawi na Uganda. Dawa za malale hazilipiwi. Shirika hilo huzipeleka bure katika nchi zenye ugonjwa. Watoto wadogo bado hutibiwa kwa dawa nyingine.

MAMBO YA KUFANYA

Unapokwenda porini kurina asali, kuchana mbao, kuchunga au kutafuta uyoga, vaa nguo nzito za mikono mirefu. Rangi ya kaki au ya majani makavu inafaa. Bluu na nyeusi humvuta mbung'o. Ndiyo maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo na kutiwa dawa. Ukiviona vitambaa hivyo vimetundikwa porini, usivichukue kushona mifuko. Nimewahi kuona mfuko wa namna hiyo sokoni.

Wafugaji, ng'ombe anaweza kubeba vijidudu vya malale ya binadamu bila kuonekana mgonjwa sana. Mwaka 1998 malale ilizuka Soroti, Uganda, mahali ambapo haikuwapo. Uchunguzi ulionyesha kwamba ililetwa na ng'ombe walionunuliwa mnadani kutoka sehemu zenye ugonjwa. Mtafute bwana mifugo awatibu ng'ombe wapya kabla ya kuwachanganya na wengine.

Na ukiwa na homa, ukafika zahanati, usingoje mganga akuulize. Anza wewe: "Nimetoka porini, nimeumwa na mbung'o." Kama kipimo cha malaria hakionyeshi kitu na darubini haionyeshi kitu, uliza urudi siku gani. Homa ikipanda, njoo hapohapo, maana wakati huo vijidudu huwa vingi na vinaonekana kwa urahisi. Usiache kurudi kwa sababu homa imeshuka. Mganga akikuambia, "Tumekwisha kupima mara mbili," mjibu kama yule mama alivyonijibu mimi.

Sasa mimi nina daftari mezani. Kila mtu wa porini mwenye homa isiyo ya malaria naandika jina lake na siku ya kurudi. Asiporudi, namtuma mhudumu wa afya wa kijiji kwa baiskeli. Mara nyingi anakuta mtu yuko shambani analima, na ananicheka. Nakubali kuchekwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kijidudu 1 kinagawanyika kila baada ya saa 6. Baada ya siku 4 vitakuwa vingapi, kama hakuna kinachovizuia?

2. Kwa nini damu ya mgonjwa wa malale inaweza kuonekana safi leo na kuonekana na vijidudu baada ya siku chache? Taja sababu mbili.

3. Ni nani kijijini kwenu wanaokwenda pori la mbung'o mara nyingi? Nani atawaeleza wale ambao hawahudhurii darasa hili?

4. Je, zahanati yenu ina darubini? Kama haina, mgonjwa wa homa isiyo ya malaria apelekwe wapi, na kwa usafiri gani?